SOMO: KUUNGANISHA SEVA ZA UJUMBE WA SAUTI NA KUHESABU LESENI ZAKE



Somo la toleo hili lahusu mashine ambayo wengi wetu hatujapata kuiona kwa macho, ingawa tumepata kuisikia ikisema. Ni ile inayopokea simu wakati mwenye simu hayupo, ikamwambia mpigaji aeleze haja yake baada ya mlio, kisha ikayahifadhi maneno yake mpaka mwenyewe atakaporejea. Mashine hiyo huitwa seva ya ujumbe wa sauti. Chama kikuu chenye ofisi moja hutosheka na seva moja. Lakini chama kikuu chenye ofisi kuu, kiwanda, ghala na matawi aghalabu hujikuta kina seva mbili, tatu au nne, zilizonunuliwa nyakati mbalimbali na viongozi mbalimbali. Hapo ndipo huzuka maswali mawili. Je, seva hizo zinafahamiana? Na je, tunalipia leseni ngapi?

Huenda mwanachama akasema, "Mambo haya ni ya mafundi, mimi yananihusu nini?" Yanamhusu sana. Seva hununuliwa kwa ushuru unaokatwa katika mazao yake, na maneno yanayohifadhiwa ndani yake ni haja za chama chake. Ikiwa seva zimepangwa vibaya, mwanachama hupata hasara mara mbili: fedha zake hutumika bure, na sauti yake haifiki.

SHABAHA YA SOMO

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili kikundini, katibu na mwanachama waweze: (a) kueleza namna tatu za kupanga seva katika chama chenye ofisi nyingi, (b) kutaja mambo yanayotakiwa ili seva ziunganike, (c) kutofautisha aina za leseni, na (d) kukagua kwa hesabu rahisi kama chama kinalipia zaidi ya kinachohitaji.

1. KISA NILICHOKIONA

Miaka michache iliyopita nilikagua hesabu za chama kikuu kimoja cha wakulima wa kahawa. Sitakitaja jina, kwani nia yangu ni kufundisha, wala si kuaibisha. Katika daftari la matumizi nilikuta malipo ya mwaka ya leseni za seva nne za ujumbe wa sauti, ambazo jumla ya masanduku yake ilikuwa 250. Sanduku moja ni la mtumishi mmoja. Nikaomba orodha ya watumishi wenye simu za mezani. Walikuwa 112. Nikauliza masanduku mengine 138 ni ya nani. Hakuna aliyejua.

Siku ya tatu nilipelekwa katika ofisi ya ghala, ambayo shughuli zake zilikwisha hamishwa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Seva ilikuwa juu ya kabati, taa yake ya kijani inawaka. Fundi akaifungua mbele ya Meneja. Tukakuta sanduku la Ofisa Mazao aliyehamishiwa ofisi kuu. Sanduku hilo lilikuwa bado linapokea simu kwa sauti yake mwenyewe, likiwaahidi wapigaji kwamba atawarudia upesi. Ndani mlikuwa na jumbe 31 zisizosikilizwa.

Jumbe nne kati ya hizo zilitoka kwa katibu wa chama kimoja cha msingi. Alikuwa akieleza kwamba mvua zimeanza, paa la ghala linavuja, na anaomba lori lije kuichukua kahawa ya wanachama. Katika ujumbe wa kwanza alizungumza kwa utaratibu. Katika ule wa nne sauti yake ilikuwa imekwisha badilika.

Ofisa Mazao hakuwa mzembe. Alikuwa na sanduku jingine katika seva ya ofisi kuu, na kila asubuhi alilifungua akalikuta tupu. Seva ya ghala na seva ya ofisi kuu hazikuwa zimeunganishwa, wala hakuna aliyekumbuka kulifunga sanduku la zamani. Baadhi ya kahawa ililowa, na katika mkutano wa chama kile cha msingi wanachama walimlaumu katibu wao kwamba hakutoa taarifa. Nilipomweleza tuliyoyakuta, alinyamaza kwa kitambo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, Ndugu Mkaguzi, maneno yangu yalikuwepo siku zote?"

Yalikuwepo. Tena chama kikuu kilikuwa kikiyalipia leseni kila mwaka ili yaendelee kuwepo pale pasipo msikilizaji. Kwa sababu ya swali lile nimeona ni wajibu wangu kuandika somo hili.

2. SEVA YA UJUMBE WA SAUTI NI NINI

Kazi hii si ngeni. Mmarekani Gordon Matthews aliomba hataza ya mfumo wa namna hii mwaka 1979, akaipata mwaka 1983, na kampuni yake ya VMX ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuza mitambo hiyo kwa makampuni makubwa. Siku hizo mtambo ulikuwa mkubwa na wa gharama nyingi. Leo kazi hiyo hiyo hufanywa na kompyuta ya kawaida yenye programu inayofaa.

Seva ina sehemu tatu ambazo katibu yafaa azijue.

Ya kwanza ni masanduku. Kila mtumishi ana sanduku lenye namba, salamu yake, na namba ya siri ya kulifungulia.

Ya pili ni njia. Njia ni mahali pa kupitishia simu moja kwa wakati mmoja. Seva yenye njia nne yaweza kuhudumia watu wanne kwa pamoja, wawe wanaacha ujumbe au wanasikiliza. Mtu wa tano atakuta njia zote zimeshikwa.

Ya tatu ni nafasi ya kuhifadhi. Sauti ya simu ya kawaida hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa baiti moja. Kwa hiyo dakika moja ya maneno huchukua baiti 480,000. Tuseme chama kina masanduku 120, na kila sanduku limejaa jumbe za dakika 20. Hizo ni dakika 2,400, yaani gigabaiti 1 na kidogo tu. Kifaa kidogo cha kuhifadhia kumbukumbu, kile kinachoning'inizwa kwenye funguo, chaweza kuyabeba maneno hayo yote. Basi muuzaji akija kuwaambia kwamba mnahitaji seva nyingine kwa sababu nafasi imekwisha, mwulizeni kwa hesabu hii. Gharama kubwa siku hizi haiko katika nafasi. Iko katika leseni, njia na matengenezo.

Wako watakaouliza: Kwa nini tusitumie simu za mkononi na makundi ya WhatsApp tu? Kwa habari za haraka zinafaa, nasi sote twazitumia. Lakini ujumbe uliomo katika simu ya mtumishi huondoka pamoja na mtumishi. Haja ya mwanachama iliyopelekwa ofisini ni kumbukumbu ya chama, nayo yapasa ibaki mikononi mwa chama hata mtumishi akihama, akistaafu au akifariki.

3. NAMNA TATU ZA KUPANGA SEVA

Tuchukue mfano wa chama kikuu chenye watumishi 120 wanaotumia simu: 60 wako ofisi kuu, 20 kiwanda cha kukoboa kahawa, 20 ghala kuu, na 20 ofisi ya tawi. Viongozi wana namna tatu za kuchagua.

Namna ya kwanza ni kila ofisi na seva yake, bila ya kuunganishwa. Ni rahisi kuanza, lakini ndiyo iliyoleta yale tuliyoyaona ghalani. Mtu wa kiwandani hawezi kumpelekea ujumbe mtu wa ofisi kuu kutoka sanduku hadi sanduku. Tangazo moja hutakiwa kusemwa mara nne. Na mtumishi akihama, sanduku lake hubaki nyuma.

Namna ya pili ni seva moja ofisi kuu inayohudumia ofisi zote. Orodha ni moja, leseni ni moja, fundi ni mmoja. Udhaifu wake ni kwamba matawi yote yanategemea mawasiliano kati yao na ofisi kuu. Mkonga ukikatika, au umeme ukizimika makao makuu pasipo jenereta, tawi halina mahali pa kuweka wala kusikiliza ujumbe. Kadhalika kila simu inayopita katika kiungo hicho kwa sauti isiyobanwa huchukua kilobiti 80 hivi kwa sekunde kwa kila upande. Simu nane kwa pamoja zahitaji kilobiti 640, mbali na kazi nyingine za hesabu na barua.

Namna ya tatu ni seva kadhaa zilizounganishwa. Kila ofisi hubaki na seva yake, lakini zote zinafahamiana: zina orodha moja ya majina, zinapelekeana jumbe, na zikiruhusiwa na mkataba, hutumia leseni za masanduku kwa pamoja. Kiungo kikikatika, tawi huendelea kupokea simu zake, na jumbe za kwenda kwingine husubiri mpaka kiungo kirudi. Namna hii huyafaa matawi yaliyo mbali na yenye mawasiliano yasiyo ya kutegemewa. Lakini yahitaji uangalizi zaidi.

4. MAMBO MANNE YA KUUNGANISHA

Kuziunganisha seva si kuvuta waya tu kati ya ofisi na ofisi. Yapo mambo manne, na likikosekana moja mengine hayasaidii.

(a) Namba zisizogongana. Ikiwa ofisi kuu ina sanduku 201 na kiwanda nacho kina sanduku 201, ujumbe hautajua uende wapi. Kabla ya kuunganisha, pangeni namba upya: mathalani ofisi kuu ianze na 1, kiwanda 2, ghala 3, tawi 4. Hapo sanduku 2015 litajulikana mara moja kuwa ni la kiwandani.

(b) Orodha moja ya majina. Kila seva iwe na nakala ya orodha nzima, na mabadiliko yakifanywa mahali pamoja yaenee kwingine kote. Mtumishi mmoja awe na sanduku moja tu. Hili ndilo lililokosekana katika kisa chetu.

(c) Lugha moja ya kupelekeana. Seva za makampuni mbalimbali zilikuwa hazielewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulitolewa utaratibu uitwao AMIS, ambao katika namna yake ya kwanza seva moja huipigia nyingine simu ya kawaida na kuisomea ujumbe. Ujumbe wa dakika tatu hula dakika tatu za simu. Baadaye ukaja utaratibu wa VPIM, ambao toleo lake la pili lilitolewa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2004. Huu huupeleka ujumbe wa sauti kama kiambatisho cha barua pepe kutoka seva hadi seva. Ziko pia seva za kampuni moja zinazotumia utaratibu wao wenyewe. Katibu hana haja ya kuyakariri majina haya. Inatosha aulize kabla ya kununua: "Seva hii mpya itazungumza na ile tuliyonayo kwa utaratibu gani, nao umo ndani ya bei au unalipiwa leseni ya peke yake?" Jibu liandikwe katika mkataba, lisibaki katika maneno ya mdomo.

(d) Ulinzi na saa. Jumbe zipitazo kati ya ofisi na ofisi zifungwe kwa njia ya siri ili asiyehusika asizisikilize. Saa za seva zote ziwe sawa, kwani ujumbe ukionyesha saa isiyo ya kweli hautafaa kuwa ushahidi siku ya mgogoro.

5. AINA ZA LESENI

Leseni ni ruhusa ya kutumia programu ya mtu mwingine kwa masharti yaliyoandikwa. Programu za kompyuta hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa hiyo kutumia zaidi ya kilichoruhusiwa ni kosa, na kulipia zaidi ya kinachotumika ni hasara. Katika ankara za seva za sauti mtakuta aina hizi:

Leseni ya seva hulipiwa kwa kila mashine.

Leseni ya sanduku, au ya mtumiaji, hulipiwa kwa kila mtu mwenye sanduku.

Leseni ya njia hulipiwa kwa hesabu ya simu zinazoweza kuhudumiwa kwa pamoja.

Leseni ya huduma ya ziada hulipiwa kwa mambo kama kuunganisha seva, au mashine kusoma barua kwa sauti.

Tena angalieni muda. Zipo leseni za kudumu, ambazo hununuliwa mara moja lakini matengenezo yake hulipiwa kila mwaka. Na zipo za kukodi, ambazo muda ukiisha huduma husimama. Angalieni pia kama leseni imefungwa kwenye mashine moja kwa namba yake ya utambulisho. Leseni ya namna hiyo, mashine ikiungua kwa radi, haihamii kwenye mashine mpya mpaka mtengenezaji atoe kibali. Ulizeni kibali hicho huchukua siku ngapi na gharama yake ni nini.

Programu huria zipo pia. Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer huko Marekani mwaka 1999, ina sehemu ya ujumbe wa sauti, nayo haidai malipo kwa kila sanduku. Lakini isidhaniwe kuwa haina gharama. Fundi wa kuipanga na kuitunza atalipwa, na chama kisicho na fundi wa kutegemewa chaweza kujikuta katika shida kubwa kuliko ya leseni.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Watengenezaji wengine huruhusu seva zilizounganishwa zitumie leseni za masanduku kutoka katika fungu moja. Katika mfumo wa Cisco Unity wa miaka ya 2000, kwa mfano, iliwezekana kuziweka leseni za watumiaji wa seva kadhaa pamoja, kila seva ikachota kwa kadiri ya haja yake. Leseni za njia, kwa kawaida, hubaki kwa kila seva, kwa kuwa njia ni sehemu ya mashine yenyewe. Tofauti hii ndiyo inayowachanganya viongozi wengi. Kuunganisha seva kwaweza kuwapunguzia masanduku ya kulipia. Kupunguza njia, hapana, isipokuwa kama mmekubali kutumia seva moja.

6. TUFANYE HESABU

Tuurudie mfano wetu wa watumishi 120.

Masanduku. Tuseme muuzaji huuza leseni za masanduku kwa mafungu ya 50. Seva zikiwa mbalimbali, ofisi kuu yenye watu 60 itanunua mafungu mawili, yaani 100. Kila moja ya ofisi tatu zenye watu 20 itanunua fungu moja, yaani 50. Jumla ni masanduku 250 kwa watu 120. Seva zikiwa na fungu la pamoja, mafungu matatu, yaani 150, yanatosha, na masanduku 30 yanabaki akiba. Zaidi ya hayo, msimu wa kahawa ukifika na watumishi wakahamishiwa kiwandani, hakuna leseni mpya inayonunuliwa.

Njia. Hapa twasaidiwa na Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1917 alichapisha kanuni ya kujua njia ngapi zinatosha ili wapigaji wachache tu wazikute zimeshikwa. Kipimo cha wingi wa simu kimepewa jina lake: simu za dakika 60 ndani ya saa moja ni Erlang 1. Tukitaka katika kila simu 100 isizidi 1 inayokosa njia, hesabu zake ni hizi: njia 3 hubeba Erlang 0.45, njia 4 hubeba 0.86, njia 5 hubeba 1.36, njia 6 hubeba 1.90, njia 7 hubeba 2.50, njia 8 hubeba 3.12.

Tuseme katika saa yenye kazi nyingi kila mtumishi huchukua dakika 1 na nusu ya seva. Ofisi kuu: watu 60 ni dakika 90, yaani Erlang 1.5; zahitajika njia 6. Kila ofisi ya watu 20: dakika 30, yaani Erlang 0.5, zahitajika njia 4. Jumla ya seva nne ni njia 18. Kwa seva moja ya wote: dakika 180, yaani Erlang 3, njia 8 zatosha.

Kama bei ya njia moja ingekuwa shilingi 150,000 (bei hii ni ya mfano tu), njia 18 zingegharimu shilingi 2,700,000 na njia 8 shilingi 1,200,000. Tofauti ni shilingi 1,500,000.

Kwa nini 18 zigeuke 8? Kwa sababu watu wa ofisi nne hawapigi simu zote kwa dakika ile ile. Njia ambayo ghala haliitumii saa nne asubuhi humfaa mtu wa kiwandani. Wanaushirika hawapaswi kulishangaa jambo hili. Mwaka 1933, vyama vya wakulima wa kahawa vya Kilimanjaro vilipounda KNCU ili viuze kahawa yao pamoja, vilifuata kanuni hiyo hiyo: kilicho kidogo kwa mmoja hutosha kikiwekwa pamoja na cha wengine. Ni ajabu basi kuona chama kikuu kinawahubiria wanachama umoja, na chenyewe kinanunua seva nne zisizosalimiana.

Hata hivyo hesabu isitufumbe macho. Yale tuliyosema juu ya kukatika kwa mawasiliano yabaki katika mizani. Huenda tawi lililo mbali likahitaji seva yake, nalo likalipia njia nne kwa haki kabisa. Kinachotakiwa ni kwamba gharama hiyo ichaguliwe kwa kujua, mbele ya Bodi, isitokee tu kwa sababu kila meneja wa tawi alinunua chake.

7. WAJIBU WA KATIBU NA WA BODI

Kwanza, leseni ziandikwe katika daftari la mali ya chama kama vile mizani na magari. Kila leseni iandikwe aina yake, idadi, seva inayoitumia, tarehe ya kununuliwa, tarehe ya kwisha, na mahali hati yake ilipo. Leseni haionekani ghalani, na kwa sababu hiyo hasa yafaa ionekane kitabuni.

Pili, kabla ya kuandaa makisio ya mwaka, orodha ya masanduku ilinganishwe na orodha ya mishahara. Jina lililo katika masanduku na halimo katika mishahara liulizwe. Kazi hii ni ya asubuhi moja tu.

Tatu, mtumishi akihama au akiacha kazi, sanduku lake lifungwe au likabidhiwe kwa mrithi wake siku ile ile anapokabidhi funguo za ofisi. Hati ya makabidhiano iwe na mstari wa jambo hilo. Salamu ya zamani ifutwe, ili pasiwe na sauti inayotoa ahadi ambazo hakuna wa kuzitimiza.

Nne, namba za siri zilizowekwa na muuzaji, kama 1234 au 0000, zibadilishwe. Huko Uingereza gazeti la News of the World lilifungwa Julai 2011 baada ya kubainika kwamba watu wake walikuwa wakisikiliza jumbe za sauti za watu wengine, na mara nyingi mlango wao ulikuwa ni namba za siri ambazo wenyewe hawakuwahi kuzibadilisha. Tena wapo wezi ambao huingia katika sanduku lenye namba dhaifu, kisha wakalitumia kupiga simu za nchi za mbali kwa gharama ya mwenye seva. Seva zilizounganishwa zina milango mingi. Mmoja ukiachwa wazi, nyumba nzima iko wazi.

Tano, sauti ya mwanachama, pamoja na jina lake na namba yake ya simu, ni taarifa zake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yawataka wanaokusanya na kuhifadhi taarifa za namna hii wazilinde, na wasizitumie kwa jambo jingine lisilokusudiwa. Bodi iamue jumbe zitahifadhiwa kwa muda gani, nani anaruhusiwa kuzisikiliza, na zitafutwa vipi.

HITIMISHO

Ndugu zangu, kwa ufupi: hesabuni watu kabla ya kuhesabu mashine, mtu mmoja, sanduku moja, orodha moja, na ulizeni ni leseni zipi zinazoweza kuwekwa pamoja na zipi zisizoweza. Mkifanya hayo, mtaokoa fedha za wanachama. Lakini kuokoa fedha si mwisho wa jambo. Katibu wa chama cha msingi anayesimama chini ya paa linalovuja na kupiga simu, anaamini kwamba upande wa pili yupo mtu. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba yupo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kisa cha ghala, ni makosa gani yalikuwa ya mashine, na yapi yalikuwa ya utaratibu wa ofisi? Katibu wa chama cha msingi angeweza kufanya nini zaidi?

2. Chama kikuu chenu kina ofisi ngapi zenye simu? Kati ya namna tatu tulizozitaja, ipi inatumika sasa, na ni nani aliyeamua hivyo?

3. Chama kina ofisi mbili, kila moja ina watumishi 40, na kila mtumishi huchukua dakika 1 na nusu katika saa yenye kazi nyingi. Kila ofisi ikiwa na seva yake, zahitajika njia ngapi kwa jumla? Wakitumia seva moja, zahitajika ngapi?

4. Muuzaji asema, "Mkiunganisha seva zenu, leseni zote zitapungua." Mtamjibuje?

5. Tengenezeni mstari wa kuongezwa katika hati yenu ya makabidhiano unaohusu sanduku la ujumbe wa sauti na namba ya siri.

Jibu la swali la 3: Kila ofisi ina Erlang 1, ambayo yahitaji njia 5, kwa hiyo seva mbili zahitaji njia 10. Kwa pamoja ni Erlang 2, ambazo zahitaji njia 7.